Mashine Zilizolala na Watu Waliobaki

Vijana wa siku hizi hupenda sana hadithi za mwisho wa dunia. Katika hadithi hizo aghalabu miji mikubwa imekwisha kuanguka, moto umezimika viwandani, na mitambo iliyokuwa fahari ya watu imesimama porini ikiliwa na kutu. Katikati ya magofu hayo waishi watu wachache kwa amani. Hulima mashamba yao madogo, hupata nuru yao kwa jua na maji yao kwa mto, na jioni huwasimulia watoto habari za wakubwa wa kale waliojenga mitambo ile. Nimewasikia wanafunzi wakizungumza mambo haya chini ya mti wakati wa mapumziko, wakiulizana kama siku hiyo itafika kweli.

Jibu langu kwao ni kwamba hawana haja ya kuingoja. Siku ya namna hiyo imekwisha kufika mara nyingi, tena katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Si dunia nzima iliyokwisha, la. Bali ulimwengu mmoja mdogo, yaani mpango mmoja mkubwa wa watu wenye nguvu, ulianguka kwa siku chache, wenyewe wakaondoka, na vyombo vyao vikabaki. Watu wa mahali pale walibaki pia. Jinsi walivyoishi baada ya hapo ni sehemu ya historia isiyoandikwa sana vitabuni, nayo ndiyo nitakayo kuieleza hapa.

Sisi tukaao Kachibora, chini ya milima ya Cherangani, katika wilaya ya zamani ya Trans Nzoia, twaweza kulianza somo hili bila kwenda mbali. Nchi hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya Uhuru wa Kenya mwaka 1963 mashamba mengi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi, kisha yakagawanywa vipande vipande. Mpaka leo mtu atembeaye kwa miguu katika sehemu hizi aweza kukuta plau ya diski imezama nusu ardhini penye kona ya ua, au gurudumu la chuma la trekta la kale limeegemezwa mtini. Kuku hutaga chini yake, na watoto hulipanda wakijifanya madereva. Hakuna ashangaaye, kwa kuwa kila mtu amelizoea tangu utoto.

Walakini mwanafunzi wa historia hana budi kulishangaa. Akiliona tu, yampasa kuuliza maswali matatu. La kwanza: nani alikileta chombo hiki, na kwa tamaa gani? La pili: kwa nini kiliachwa? La tatu, nalo ndilo kubwa: waliobaki waliishije? Tuyachukue maswali haya matatu tuende nayo mpaka Tanganyika, kwenye kisa kilicho kikubwa kuliko vyote vya namna hii, nacho ni kisa cha karanga za Kongwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini ilikuwa na njaa. Chakula kiligawiwa kwa kipimo, na kilichopungua sana kilikuwa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika Mashariki, ili mafuta yake yawalishe Waingereza. Serikali ilipendezwa na shauri hilo, ikatuma watu watatu kuja kuchungua. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Walizunguka majuma tisa hivi, na sehemu nyingi za nchi waliziona kutoka juu, ndani ya eropleni.

Waliporudi waliandika taarifa ya ajabu. Walisema kuwa mashamba 107 yangeweza kufunguliwa katika Tanganyika, Kenya, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila shamba lingekuwa na ekari 30,000. Mwanafunzi na apige hesabu: jumla yake ni ekari 3,210,000. Kazi yote ingekwisha kwa miaka sita, na gharama yake ingekuwa pauni milioni 24 hivi. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliikubali taarifa hiyo kwa moyo wote. Hakuna shamba dogo la majaribio lililolimwa kwanza ili kuona kama karanga zitakubali. Watu walikuwa na haraka, na wahenga wetu wamekwisha kutuambia habari ya haraka na baraka.

Mahali palipochaguliwa pa kuanzia palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mapema mwaka 1947 watu wa kwanza walifika na kupiga mahema. Kazi iliyowangoja ilikuwa ya kung'oa pori, nao walihitaji matrekta makubwa mengi. Lakini baada ya vita viwanda vya dunia vilikuwa havina matrekta mapya ya kuuza. Kwa hiyo walinunua yaliyotumiwa na majeshi, mengine kutoka Misri na mengine kutoka visiwa vya Filipino, nayo yalifika yakiwa yamechoka tangu siku ya kwanza. Hata vifaru vya vita viligeuzwa. Kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya namna ya Sherman, ikaviondolea mizinga na kuvifanya matingatinga, navyo vikaitwa Shervick. Kwa neno la nabii, panga zilifuliwa kuwa majembe. Laiti nia njema peke yake ingetosha kulima!

Pori la Kongwa lilipigana nao. Miti yake si mirefu, lakini mizizi yake imefungamana chini ya udongo kama kamba za wavu, na majembe ya plau yalikunjika na kukatika. Mibuyu, yenye mashina mapana kuliko nyumba, haikusukumika kwa urahisi. Na ndani ya mashimo yake mlikuwa na nyuki, ambao kila walipotikiswa walitoka kwa maelfu na kuwakimbiza madereva. Udongo wenyewe ulikuwa na changarawe kali iliyokula chuma kama tupa. Wakati wa mvua ulikuwa laini. Jua lilipowaka uligeuka kuwa mgumu kama tofali, na karanga, ambazo sote twajua kuwa huzaa chini ya ardhi, zilifungiwa humo humo zisiweze kuchimbuliwa.

Shida nyingine zilitoka nyuma yao. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa mizigo mingi namna ile, na reli ya kati ilikuwa ya njia moja tu. Vipuri vilichelewa. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai mshahara wa kutosha, maana bei za vitu zilikuwa zimepanda na ujira haukupanda. Mafundi walikuwa wachache, na madereva wengi walikuwa wamefundishwa majuma machache tu, hata thuluthi mbili ya matrekta yakawa mabovu kabla ya mwaka kwisha. Ilikusudiwa kufungua ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizofunguliwa zilikuwa 7,500 hivi.

Mwaka 1948 kazi iliondolewa mikononi mwa kampuni na kupewa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Majaribio yalifanywa vile vile Urambo upande wa magharibi, na Nachingwea upande wa kusini. Alizeti ilipandwa pamoja na karanga. Mvua ikakataa kunyesha. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na hasara iliyofutwa vitabuni ilizidi pauni milioni 36. Ulimwengu mmoja ulikuwa umeanguka, kwa muda wa miaka minne tu.

Sasa tumekwisha kujibu swali la kwanza, na tumelikaribia la pili. Kwa nini vyombo vile viliachwa? Wengi husema, "Kwa sababu ya ukame." Wengine husema, "Kwa sababu ya udongo." Majibu hayo ni kweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa ukame na udongo wa Kongwa havikuwa siri. Wagogo walikuwa wakiishi humo kwa vizazi vingi. Walipanda uwele na mtama, nafaka zivumiliazo kiu. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, ili mashamba yakikosa mazao, mifugo iwe akiba. Walijenga nyumba za tembe, zenye paa la udongo lililolala. Walikumbuka vizuri njaa kuu waliyoiita Mtunya, iliyowaangamiza watu wengi sana mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake kidogo, wakati majeshi yalipopokonya nafaka na mifugo na mvua ikakosekana. Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaambia wageni kwamba katika nchi hii mvua haiweki ahadi. Mzee huyo alikuwa karibu sana na kambi, lakini taarifa ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Basi sababu ya ndani kuliko zote ni hii, kwamba maarifa ya mashine na maarifa ya nchi yalikaa mbali mbali. Aliyeijua mashine hakuijua ardhi, na aliyeijua ardhi hakufundishwa mashine ila kwa haraka, jinsi ya kushika usukani tu. Trekta likiharibika, fundi wake alikuwa mmoja, na kipuri chake kilikuwa baharini ndani ya meli. Tusidhani kwamba kutu ndiyo iliyoziua mashine zile. Kutu huja baadaye, kama fisi ajaye baada ya mnyama kufa. Mashine hufa siku ile aondokapo mtu wa mwisho anayeielewa.

Tufike sasa kwenye swali la tatu. Waliobaki waliishije?

Kwanza, nchi haikuwa tupu. Wagogo waliendelea na uwele wao na ng'ombe wao kama zamani. Ardhi iliyokwisha kufunguliwa haikufaa karanga, lakini ilifaa majani, na katika miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilianza kufuga ng'ombe juu yake. Mpaka leo Kongwa yajulikana nchini Tanzania kwa ranchi yake ya ng'ombe. Kwa maneno mengine, baada ya pauni milioni nyingi kupotea, wakubwa walirudi kwenye shauri ambalo Wagogo wangaliwapa bure: nchi hii ni nchi ya mifugo.

Pili, majengo yalipata kazi ambayo waliojenga hawakuiota. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa mahali pa kukaa Kongwa, karibu na stesheni ya reli iliyoachwa na nyumba zilizobaki za wakati wa karanga. Walikaa huko watu wa FRELIMO wa Msumbiji, wa SWAPO wa Namibia, wa ANC wa Afrika Kusini, na wengineo. Nachingwea kadhalika, shamba moja la karanga lililoitwa kwa nambari yake tu, Shamba la 17, likawa kambi ya FRELIMO. Angalieni mzunguko wa mambo! Mpango uliobuniwa ili Afrika iilishe Uingereza uliacha nyuma yake paa la kuwahifadhi Waafrika waliotaka kujitawala.

Tatu, kuna vitu vilivyoishi na vitu vilivyokufa, na yafaa tuvitofautishe. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ya kuiunganisha na bara. Karanga zilipokosekana, reli haikuwa na mzigo wa kutosha. Ikafungwa mwaka 1962, na mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Lakini bandari ilibaki. Kilindi chake ni cha asili, na watu wa kusini walikuwa na korosho zao za kupeleka ng'ambo. Reli ilikufa kwa kuwa ilitegemea ndoto moja. Bandari iliishi kwa kuwa iliwafaa watu kwa kazi zao wenyewe, hata baada ya ndoto ile kupita.

Sasa turudi nyumbani, tuone kama kipimo hiki chafaa huku kwetu.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikitoka Leseru karibu na Eldoret. Kwa ajili yake mahindi ya Trans Nzoia yaliweza kufika pwani. Baadaye malori yaliichukua kazi yake, na kwa miaka mingi nyasi ziliota kati ya mataruma, watu wakapita juu yake kwenda sokoni kama wapitavyo njia yoyote ya miguu. Upande wa Bungoma, watu wa Webuye waliona jambo kubwa zaidi. Kiwanda cha karatasi kilichoanzishwa hapo baada ya Uhuru kiliwapa maelfu ya watu riziki, ingawa wakazi walilalamika sana kwamba moshi wake uliyala mabati ya nyumba zao na uchafu wake uliingia katika mto Nzoia, mto ambao maji yake hutoka katika milima yetu hii. Mwaka 2009 mitambo ilisimama. Vyumba vya kupanga vikabaki vitupu, na wenye maduka wakafunga milango. Kwa miaka kadha mji mzima uliishi chini ya mabomba yaliyonyamaza, mpaka mwaka 2016 kiwanda kilipouzwa kwa wenyeji wapya. Mtu aliyekuwa kijana huko wakati ule hahitaji kusoma hadithi za mwisho wa dunia. Alizikuta mlangoni.

Lakini Trans Nzoia imetoa pia mfano wa chombo kilichoishi, na chombo hicho ni kidogo hata hukaa kiganjani: mbegu. Mwaka 1955 kazi ya kuboresha mahindi ilianza katika kituo cha utafiti cha Kitale, naye Michael Harrison aliiongoza. Mahindi ya Kitale yalichanganywa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima iliyo juu ya ikweta kama yetu. Mwaka 1964 mbegu ya chotara iliyoitwa 611 ilitolewa kwa wakulima, na wakulima wadogo waliipokea upesi sana. Haikuhitaji tingatinga wala kifaru. Mwanamke mwenye jembe na ekari mbili aliweza kuipanda na kuona tofauti katika msimu mmoja. Ilifaulu kwa sababu ilijaribiwa hapa hapa, katika udongo huu na mvua hii, kabla ya kupewa watu. Hata hivyo haina ukamilifu: mbegu ya chotara hainunuliwi mara moja tu, bali kila mwaka, na mkulima asiye na fedha msimu ukianza hujiona kama yule fundi wa Kongwa aliyengoja kipuri.

Tukitaka mfano ulioishi kwa muda mrefu kuliko yote, tupande milima ya Cherangani na kutazama upande wa pili, katika bonde la Kerio. Huko Wamarakwet wana mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu zao karne nyingi zilizopita. Hutoa maji katika mito ya mlimani, huyapitisha penye majabali kwa kuta za mawe, miti na majani, na kuyateremsha mpaka mashamba ya bonde lililo kavu. Kila ukoo una sehemu yake ya kutengeneza na saa yake ya kupata maji. Mafuriko yakibomoa ukingo, wanaume huitana wakautengeneza siku zizo hizo. Huu nao ni mtambo, ijapokuwa hauna moshi wala kelele. Umeona serikali kadha zikija na kuondoka, wala haujalala.

Lakini msomaji asidhani kwamba kila kazi ya wazee hudumu. Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, kulikuwa na mifereji na makingo ya mawe yaliyomwagilia eneo kubwa. Kisha watu waliyaacha karibu karne tatu zilizopita, na leo ni mawe matupu. Na hapa petu, katika nyanda za Kitale na Uasin Gishu, yako mashimo ya duara yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Wataalamu waliochimba wameona kwamba yalikuwa maboma ya ng'ombe, na kando yake palijengwa nyumba. Wasirikwa walikuwa wafugaji hodari, nao wakatoweka kama taifa, ingawa damu yao bila shaka imo katika watu wa leo. Mahindi yetu yameota juu ya mashimo yao. Sisi pia, tukaao Kachibora, ni watu tuishio kwa amani katika magofu ya ulimwengu mwingine, wala hatujui mara nyingi kama tunakanyaga paa la nani.

Sasa mashine mpya zimekuja, nazo ni za jua. Nchi yetu i karibu sana na ikweta, na jua halitudai kodi. Nyumba nyingi zisizofikiwa na nguzo za umeme zina kibao cha jua juu ya bati, na mwanafunzi husoma usiku kwa taa isiyotoa moshi. Wako wakulima wapandishao maji kwa pampu ya jua. Nazisifu mashine hizi, nami najua ni kiasi gani taa ya kibatari iliwaumiza macho waliotutangulia. Lakini historia yatulazimisha kuziuliza maswali yale yale matatu.

Najua kijiji kimoja kilichopata pampu ya jua kwa ajili ya kisima. Siku ya kuifungua pampu hiyo palikuwa na hotuba na nyimbo. Maji yalitoka kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Kisha kifaa kimoja kidogo, kisichozidi ukubwa wa kitabu, kiliungua. Walioileta pampu walikuwa wamekwisha kwenda zao, na kijijini hapakuwa na mtu aliyejua hata jina la kifaa kile, sembuse mahali kinapouzwa. Wanawake walirudi mtoni na madumu yao. Vibao vya jua viling'aa juu ya nguzo zake kila asubuhi, vikipokea jua bure na kulipoteza bure. Nilipoviona niliikumbuka Kongwa.

Mwaka wa pili kijana mmoja wa kijiji hicho, aliyekuwa amejifunza ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi, alirudi likizo. Alikifungua kifaa kile, akakiona kilichoungua, akakitafuta Kitale, na watu wakachanga fedha. Maji yakatoka tena. Aliyoyafanya baadaye yalinifurahisha kuliko hayo: aliwaita vijana watatu, wawili wasichana na mmoja mvulana, akawafundisha kazi nzima tangu mwanzo, kisha akawaandikia katika daftari majina ya vifaa vyote na bei zake. Daftari hilo lilikaa kwa mweka hazina wa kisima. Kwa maoni yangu daftari lile lina thamani kuliko pampu yenyewe, kwa kuwa pampu itakufa siku moja, na wenye daftari wataweza kuweka nyingine.

Wasomaji wangu, hadithi za mwisho wa dunia hutuonyesha watu wenye amani kati ya mashine zilizolala, lakini hazitusimulii mara nyingi jinsi watu hao walivyoipata amani yao. Historia yatusimulia. Wagogo waliendelea kuishi kwa kuwa hawakuuacha uwele kwa ajili ya karanga za mtu mwingine. Watu wa kusini mwa Tanzania waliishika bandari kwa kuwa walikuwa na korosho. Wamarakwet wana maji kwa kuwa kila ukoo wajua sehemu yake ya mfereji na huitengeneza wenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeichukia mashine. Walichokikataa, kwa hiari au kwa bahati, ni kuwa wageni mbele ya chombo kilichobeba riziki yao.

Likizo ijayo, mwanafunzi na atafute chuma kimoja cha kale katika mtaa wake: plau, kinu, bomba au gurudumu. Asikipige picha tu na kuondoka. Amtafute mzee akijuaye, amwamkie kwa adabu, aketi, ayaulize yale maswali matatu, kisha aandike majibu. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na maneno yao hayana kipuri. Halafu arudi nyumbani akitazame kibao cha jua kilicho juu ya bati lao, ajiulize kama yuko mtu yeyote katika nyumba ile awezaye kukitengeneza. Akiona hayupo, basi amekwisha kuipata kazi ya kujifunza.